Usiku Arobaini na Mbili

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi melini baada ya miezi saba nyumbani. Daktari alinishauri niandike kila siku nimelalaje, mstari mmoja unatosha. Lakini mimi si mtu wa mstari mmoja, kwa hiyo nimenunua daftari zima.

Msimu uliopita waliniteremsha kwa sababu ya usingizi. Si usingizi wa uvivu, maana tangu utoto sijawahi kuitwa mvivu. Ni usingizi ulionivizia mchana kweupe. Siku ya mwisho nilisinzia mbele ya cherehani na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada. Hospitali wakanilaza na nyaya kichwani kama redio inayotengenezwa, kulipokucha wakaniambia pumzi yangu inakatika zaidi ya mara thelathini kila saa. Koo linajifunga, naamka nusu, nalala tena, na mwenyewe sijui kitu. Ndiyo maana ninaamka nimechoka kama niliyebeba magunia.

Dawa yake ni mashine. Kiboksi cha ukubwa wa mkate, mpira mrefu wa hewa, na barakoa ya kuvaa puani. Inasukuma hewa ili koo lisizibe.

Masharti ya kampuni ni haya: katika usiku sitini wa kwanza, kuanzia kesho, angalau arobaini na mbili niwe nimeivaa masaa manne au zaidi. Mashine yenyewe inarekodi, huwezi kuidanganya. Nikishindwa, nashuka bandari inayofuata na sirudi tena. Mpaka hapo nisiguse cherehani ya umeme. Nishone vifungo na kukunja leso za mezani, mimi niliyeshona sare za manahodha watatu!

Na chumbani wamenipanga na nani? Chiriku. Ni binti wa miaka ishirini na minane hivi, mhudumu wa vyumba vya abiria, tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Msimu uliopita pia tulikaa chumba kimoja, na ndiye aliyenichongea kwa wakubwa. Sina ushahidi, lakini siku mbili kabla ya kuitwa ofisini nilimwona akitoka zahanati ya meli, akaniona, akainamisha uso.

"Shikamoo Mama, karibu tena," ameniambia leo.

"Marahaba," nikasema, nikageukia ukuta.

Jumatano, 6 Mei

Soketi iko karibu na kioo, kitanda changu kiko upande wa mlango. Waya wa mashine haufiki. Nilikuja na ekstensheni, lakini leo afisa usalama kapita na kuninyang'anya. "Melini hizi ni marufuku, Mama. Moto ukitokea hapa hatuna pa kukimbilia." Ana haki, hilo ndilo linaloniudhi. Usiku wa jana: dakika arobaini. Usiku wa juzi yake sikulala na mashine kabisa.

Ijumaa, 8 Mei

Nililala sakafuni karibu na soketi. Masaa mawili na robo. Mgongo unalia. Chiriku alitaka kunipisha kitanda chake, nikamwambia sihitaji hisani.

Jumapili, 10 Mei

Vifungo.

Jumatano, 13 Mei

Usiku nane zimepita na sina hata moja. Leo nimemfuata daktari wa meli, akaandika barua, na saa kumi jioni fundi umeme akaja na waya wa meli wenyewe, mnene, wenye muhuri. Akaupitisha chini ya kitanda na kuubana kwa vibanio vizuri kabisa. "Nilikuwa nasubiri barua tu," akasema. "Waya wako upo tayari tangu Jumatatu." Nikataka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 14 Mei

Masaa manne na dakika kumi na mbili! Moja.

Jumapili, 17 Mei

Vijana wa dobi wameshanibatiza. Kwa sababu barakoa inaniachia alama mbili mashavuni kama mikanda ya barakoa ya rubani wa ndege, naitwa Rubani. "Rubani, leo tumetua salama?" Nilikasirika mpaka chakula cha mchana. Baada ya chakula nikajibu, "Tumetua, lakini abiria wa nyuma walitapika." Wakacheka mpaka msimamizi wetu akatoka ofisini kuangalia kuna nini.

Msimamizi wa dobi ni mtu mkubwa asiyecheka. Anatembea na kalamu sikioni na kunitazama mikono kila anapopita. Najua anachotafuta. Anasubiri kuniona nikisinzia.

Ijumaa, 22 Mei

Nimepoteza usiku mbili, za tarehe ishirini na ishirini na moja. Mafua. Pua ikiziba, hewa haina pa kupita, unabaki kuhangaika kama samaki aliyetolewa majini. Daktari kanipa dawa ya matone na chupa nyingine ya maji safi ya kutia kwenye mashine, yale yasiyo na chumvi wala chokaa. Amesema maji ya bomba yataiharibu.

Jumatatu, 1 Juni

Nimeota ndoto! Nilikuwa nakata kitambaa cha kijani kirefu kisichoisha, na mkasi ulikuwa unateleza wenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho kuota. Mtu anayekatwa pumzi kila dakika mbili haoti, hana nafasi.

Na si hilo tu. Nimeamka kabla ya kengele. Nimepanda ngazi za sitaha nne bila kushika ukuta. Mchana, baada ya kula, nilikaa nikisubiri ule uzito wa kope unije kama kawaida yake. Haukuja. Nikakaa macho, nikiwa na leso mia mbili mbele yangu, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Nimempigia Baba watoto. "Sauti yako imebadilika," akasema. "Unaongea kama ulipokuwa msichana."

"Msichana yupi? Mbona hukunijua nikiwa msichana?"

"Basi kama ninavyodhani ulikuwa."

Kumi na saba mpaka sasa.

Alhamisi, 4 Juni

Ishirini. Vifungo vya wapishi. Wapishi wananenepa kila wiki.

Jumatano, 10 Juni

Ishirini na sita. Bahari imechafuka tangu asubuhi. Wamefunga madirisha ya sitaha ya chini kwa chuma.

Jumapili, 14 Juni

Siku nne nilikuwa siwezi kushika kalamu. Meli inapanda, inasita, halafu inashuka na tumbo lako linabaki juu. Nilivaa barakoa usiku wa kwanza, nikahisi kichefuchefu kinakuja, nikaing'oa upesi. Kutapika ndani ya kile kitu si mchezo, unaweza kupaliwa. Daktari mwenyewe akapita na ndoo akisema nisivae mpaka nipone.

Chiriku amenihudumia. Amenifuta uso, amenipa maji kijiko kwa kijiko, na amebadilisha shuka zangu baada ya kubadilisha za abiria arobaini. Ameongea muda wote, juu ya abiria anayesafiri na mito yake kumi, juu ya viatu alivyoviona bandarini. Nilikuwa mgonjwa sana kumchukia sawasawa.

Jumatatu, 15 Juni

Bahari imetulia. Usiku tano zimekwenda na maji. Nimeshapoteza kumi na tano, nimebakiza tatu za kupoteza. Hesabu yake inanipa kizunguzungu kuliko mawimbi.

Nilikuwa naandika hayo mchana huu wakati wa mapumziko. Chiriku akaingia mbio kuchukua aproni yake, akafungua kabati, akaufunga mlango kwa nguvu kama afanyavyo siku zote. Nikasikia sauti. Mpira wa hewa ulikuwa umening'inia pale. Bawaba ya mlango iliuuma na yeye akavuta.

Umechanika urefu wa kiganja.

Niliushika mpira mkononi. Halafu nilisema yote. Sitaki kuandika yote. Nilimwambia, "Umenimaliza mara mbili! Msimu uliopita ulikwenda kunichongea nikafukuzwa kama mwizi, sasa umekuja kumalizia ulipoachia. Nimekukosea nini, mtoto wewe? Mama yako nimemfanya nini?"

Akatoka na aproni mkononi.

Nimekwenda kwa daktari. Hana mpira wa akiba, na bandari yenye duka la vifaa vya hospitali iko siku nane mbele. Nane! Mimi nina tatu tu.

Jumanne, 16 Juni

Chiriku haongei. Chumba kimekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani ya jirani. Sikudhani ningeukosa mdomo wake.

Saa nane mchana nilirudi chumbani nikakuta kijitabu kidogo juu ya mto wangu, cha jalada jekundu, kimefunguliwa katikati. Mwandiko wake, wa harakaharaka. Juu kaandika tarehe za mwezi wa Septemba mwaka jana, na chini yake namba.

Sekunde 38. Sekunde 41. Sekunde 29. Sekunde 56, nimemtikisa. Sekunde 44. Sekunde 61, nimemtikisa, amenitukana. Sekunde 52.

Kurasa sita zimejaa hivyo. Ukurasa wa saba kaandika: "Kesho naenda kwa daktari. Akinichukia basi."

Nilikaa kitandani. Nikakumbuka zile asubuhi za msimu uliopita nilizokuwa namwambia kila mtu kwamba binti huyu hana adabu, ananigusa nikiwa nimelala, ananivuta mguu bila sababu. Nikakumbuka nilivyomwita. Binti alikuwa hajalala kwa wiki nzima, amekaa na saa mkononi akihesabu pumzi za mtu asiyemwitikia salamu vizuri.

Aliporudi jioni nilisimama. Mimi, mwenye umri wa mama yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini, Mama?"

Nisingemwamini. Nikamwambia hivyo.

"Nilimwambia daktari peke yake," akasema. "Sikwenda ofisini. Daktari akasema lazima awaarifu, kwa sababu unatumia cherehani. Halafu wewe ukaumia kidole kabla hawajakuita. Nikaona ni kosa langu, nimechelewa." Machozi yakamshuka. "Nilikuwa naogopa nitaamka siku moja nikukute umekufa, na mimi niko kitanda cha juu najisikilizia muziki."

Nikamkumbatia. Ni mwembamba kuliko nilivyofikiri. Kisha nikamwambia nisamehe, na nikalisema neno lenyewe, sikulizungushazungusha.

"Nishakusamehe, Mama. Lakini mpira je?"

Jumatano, 17 Juni

Mpira! Nililala bila mashine usiku mbili, nikaamka leo na kichwa kizito kama zamani. Lakini ndani ya uzito huo nikajiuliza: wewe ni nani? Wewe ni fundi. Mpira umechanika. Kitu kikichanika kinafanywaje?

Niliomba ruhusa ya mchana. Chiriku akaenda kwa mabaharia akarudi na koti bovu la mvua, lile la njano, zito, lisilopitisha maji. Kisichopitisha maji kwa namna ile hakipitishi hewa kirahisi. Nikakata kipande upana wa kiganja na nusu. Nikauzungushia mpira pale penye jeraha, nikakishona kwa mkono, kushona kwa kurudi nyuma, hatua ndogo kama punje za mtama, kwenye kitambaa tu, sindano isiguse mpira. Chiriku alishika ncha zote mbili asipumue.

"Pumua, binti," nikamwambia. "Mmoja wetu asiyepumua anatosha."

Alicheka mpaka nikakosea mshono mmoja.

Mashimo ya sindano ndiyo tatizo. Kila tundu ni dirisha. Kwa hiyo juu yake nikabandika utepe wa kuzibia mishono, ule tunaotumia kwenye makoti ya maofisa, nikaukandamiza kwa pasi ya moto mdogo, kitambaa kibichi katikati, kwa sekunde tatu tatu. Halafu tukauacha upoe vizuri na kupoteza harufu kabla ya kujaribu. Tukawasha mashine, tukaupitisha mpira mzima ndani ya beseni la maji kama watu wanaotafuta tundu la tairi. Kiputo kimoja, tundu moja. Nikaliziba. Hakuna kiputo.

Daktari aliuunganisha kwenye mashine mbele yetu na kusoma kioo chake. Hewa inayovuja ni kidogo, ndani ya kiwango. Akaugeuza mkononi.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa cherehani mmenikataza," nikamwambia.

Ishirini na sita ninazo. Usiku kumi na saba zimebaki, nahitaji kumi na sita. Naruhusiwa kupoteza mmoja tu.

Alhamisi, 18 Juni

Masaa sita na nusu. Mpira wa njano unashika.

Jumanne, 23 Juni

Tumefika bandari yenye duka. Daktari akaleta mpira mpya. Ule wangu nimeuosha na kuuweka akiba. Leo Chiriku anaongea tangu tulipoamka, sasa ni saa tatu usiku, na sijachoka kumsikiliza.

Jumapili, 28 Juni

Jana usiku umeme wa vyumba vya wafanyakazi ulizimwa masaa matano. Jenereta ilikuwa inatengenezwa. Masaa matatu na dakika hamsini. Dakika kumi tu!

Ndiyo basi, ule usiku wa akiba umekwenda. Thelathini na sita mkononi. Sita zimebaki, na nazihitaji zote sita.

Chiriku kaja na ushauri. "Mama, ukishindwa kulala, nivae mimi. Mashine haijui pua ya nani."

"Hapana. Nikirudi kwenye cherehani kwa pumzi zako, nitalala juu ya sindano kwa pumzi zangu."

"Basi nitafanya nini?"

"Usifunge kabati."

Jumanne, 30 Juni

Habari imesambaa. Fundi umeme anapita kila jioni kuangalia soketi, anasema ni utaratibu, wakati sijawahi kuuona utaratibu huo. Vijana wa dobi wa chumba cha pili wamezima redio yao. Na msimamizi, yule asiyecheka, saa kumi na mbili kamili anasimama mezani kwangu. "Fundi, nenda."

"Bado leso sitini."

"Leso hazina daktari. Nenda."

Nikapita karibu na cherehani yangu ya zamani, iliyofunikwa kitambaa kona ile. Nikafunua. Mafuta mapya, sindano mpya, hakuna vumbi hata chembe. Nikamuuliza kijana wa pasi nani anaitumia. "Hakuna. Msimamizi anaisafisha kila Jumatatu. Fundi mwenzako aliiomba mara mbili, kakataliwa. Ameambiwa ina mwenyewe."

Na mimi nilidhani anasubiri nisinzie.

Ijumaa, 3 Julai

Arobaini na moja. Leo ndiyo ya mwisho. Sitaki kuandika, nataka kulala.

Jumamosi, 4 Julai

MASAA SABA NA DAKIKA TANO.

Daktari alichomeka kadi ya mashine kwenye kompyuta yake. Mimi nilisimama, Chiriku alisimama mlangoni na ndoo ya usafi mkononi kana kwamba yuko kazini. Daktari akahesabu kwa kidole kwenye kioo, taratibu, mpaka nikataka kumhesabia.

"Arobaini na mbili," akasema. "Hakuna wa ziada."

"Wa ziada wa nini?" nikamjibu.

Na kukatika kwa pumzi, kutoka mara thelathini na kitu kila saa hadi mbili. Akasaini. Chiriku akapiga kelele, ndoo ikaanguka, zahanati nzima ikajaa maji ya sabuni, na hakuna aliyemgombeza.

Jumatatu, 6 Julai

Cherehani yangu. Sina la kuongeza.

Jumatano, 22 Julai

Leo lazima niandike mengi, hata kama vidole vinauma.

Saa moja asubuhi msimamizi aliingia na meneja wa burudani, mtu mfupi aliyekuwa anajifuta jasho. Gurudumu la mapambo ya jukwaa limepita juu ya pazia kubwa la ukumbi na kulichana mita sita. La mahameli nyekundu, zito kama godoro lililoloa. Onyesho kuu la msimu ni leo saa mbili usiku, abiria elfu moja. Fundi mwenzangu aliliangalia akatikisa kichwa. "Hii ni kazi ya siku mbili."

Msimamizi akanigeukia. "Fundi?"

Nikashika kitambaa. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande. Ukikosea upande, mshono utang'aa chini ya taa kama kovu. Nikalipapasa kwenda na kurudi.

"Nipe watu sita wa kubeba, na mtu asiniongeleshe. Isipokuwa Chiriku. Huyo aongee."

Tukaunganisha meza nne. Vijana wa dobi walibeba pazia mabegani kama nyoka mkubwa, wakilisogeza kidogo kidogo kadiri nilivyoshona, na Chiriku akitembea mbele akichana manyoya kwa brashi na kusimulia habari za yule abiria wa mito kumi, ambaye sasa amefikisha kumi na nne. Mishono mitatu: wa kwanza wa kushikiza, wa pili wa nguvu, wa tatu kwa mkono upande wa mbele, wa kuficha. Saa tano. Saa saba. Wenzangu walipokezana kula. Saa nane, ile saa iliyokuwa adui yangu miaka yote, mtambo wa kukaushia ukinguruma na joto likipanda, nilijikagua kama mtu anayepapasa mfuko. Kope nyepesi. Mikono imara. Nilikuwa macho, macho kabisa, na nilikuwa na furaha.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nilikata uzi.

Saa mbili tulisimama nyuma ya ukumbi, dobi wote, kwa ruhusa ya meneja. Taa zikalipiga pazia. Nilitafuta mshono wangu. Mimi niliyeushona, nikautafuta, nisiuone. Likafunguka pande mbili, laini, na watu elfu moja wakapiga makofi kwa ajili ya waimbaji.

Msimamizi aliinama sikioni kwangu. "Msimu ujao," akasema, "nataka uwafundishe vijana wawili hawa wa dobi kukata vitambaa. Nimeshaandika." Na nitaapa mbele ya yeyote kwamba alicheka. Meno yote.

Jumapili, 9 Agosti

Nimeshuka. Chiriku alibeba begi langu mpaka ukumbi wa kutokea, tumeagana mara tatu, na ameahidi kunipigia kila Jumapili. Nimemwambia simu yangu ina chaji ya kutosha hata kwake yeye.

Kwenye ukaguzi, mkaguzi kijana alitoa mashine yangu mkobani akaiinua juu watu wote waione. "Hii ni ya nini?"

Foleni nzima ikageuka. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba ni mashine ya pumzi, kwamba pumzi yangu ilikuwa inakatika usingizini mara thelathini na kitu kila saa na sasa ni mara mbili, na kwamba jana nimelala masaa saba na robo. Nikavaa barakoa pale pale nimwonyeshe.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akamvuta mumewe mkono, mzee mnene mwenye macho mekundu ya uchovu. "Njoo hapa! Njoo usikie! Mama, hebu rudia. Huyu anakoroma, ananyamaza, halafu anashtuka kama kasukumwa. Nikimwambia anasema ninamsingizia."

"Hakusingizii," nikamwambia yule baba. "Anachosikia ni kweli, nakuapia."

Akanitazama, akaitazama barakoa. "Inauma?"

"Wiki ya kwanza utaichukia. Njoo uishike."

Watu wakaanza kunung'unika kwamba tunachelewesha foleni. Waache wanung'unike. Niliweka mkoba chini, nikachana ukurasa wa daftari hili, nikamwandikia kila kitu kwa herufi kubwa.